Ungependa Kuendelea, Bwana Kiema?

Kuna fomu moja katika benki mjini Kitui inayosema kwamba Kiema Muindi alifariki tarehe kumi na tisa Juni 2022. Chini yake, Kiema Muindi ametia sahihi kuthibitisha kwamba ni kweli. Nilitumia kalamu yao, ile iliyofungwa kwa kamba kwenye meza, kwa sababu benki inaweza kukuamini na maelfu lakini na biro haikuamini.

Kabla hujanikimbia, wacha nieleze. Kwetu Ukambani mtoto wa kiume wa kwanza anabeba jina la baba ya baba yake. Umau, yaani babu yangu, aliitwa Kiema, mwana wa Muindi. Alipomzaa baba yangu akampa jina la baba yake, Muindi. Baba naye aliponizaa akanipa jina la baba yake, Kiema. Kwa hivyo umau ni Kiema Muindi na mimi ni Kiema Muindi. Jina ni kama sweta ya shule, likimbana mkubwa linashuka kwa mdogo, na hakuna anayekuuliza kama unaipenda rangi.

Na kwa sababu hiyo Susu Mumbua, nyanya yangu, ameniita mume wangu tangu nikiwa na nepi. "Mume wangu, lete maji." "Mume wangu, umefunga mbuzi?" Nyanya wote wa kwetu wanataniana hivyo na wajukuu. Umau mwenyewe, alipokuwa hai, alikuwa ananiangalia nikila muthokoi wake, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, na kusema, "Mumbua, huyu bwana yako mwingine anatumaliza."

Umau alikuwa fundi wa matangi ya maji, yale makubwa ya simiti unayoona kando ya madarasa. Amejenga Kitui, amejenga Makueni, amejenga mpaka Kikima kule juu kwenye baridi. Shule zilimlipa kwa hundi, na hundi ya shule inakuja siku inayotaka yenyewe, lakini simiti haiuzwi kwa ahadi. Ndipo benki ikampa ovadrafti kwenye akaunti yake ya hundi, hiyo yake binafsi. Maana yake, akaunti ikifika sifuri anaruhusiwa kuendelea kutoa, kushuka chini mpaka elfu sitini, na hundi ikija inajaza shimo. Alijivunia hiyo kitu kuliko pikipiki. "Wengine wanatoa pesa iliyoko," alikuwa anasema. "Mimi natoa isiyoko."

Alikufa kazini, mchana, katika shule moja karibu na Kasikeu. Tangi lilikuwa limefika kifuani. Alikaa kwenye kivuli chake, akaomba maji, wakamletea, na kikombe wakakipata bado kimejaa. Siku hiyo akaunti yake ilikuwa imeshuka elfu hamsini na nne chini ya sifuri, yote simiti na vyuma. Mifuko kumi na minne ilikuwa haijafunguliwa, na simiti haingoji matanga. Ukichelewa inakuwa jiwe ndani ya mfuko. Kwa hivyo tulimjengea kaburi nayo. Mimi nilisema palepale mbele ya watu kwamba hilo ndilo kaburi la kwanza Kitui nzima kujengwa kwa ovadrafti, na mjomba wangu Musyoka akanifukuza na koleo.

Sasa hapo ndipo watu wenye akili huenda benki na kusema mzee amefariki. Sisi hatukwenda. Baba alirudi Voi kwenye kazi yake ya godauni akidhani mimi nitakwenda. Mimi nilidhani baba amekwenda. Na laini ya simu ya umau ikabaki kwa Susu, kwenye ile simu ya vibonyezo vikubwa na tochi.

Ikalia siku moja Agosti, mwaka uleule. Tulikuwa nje tunachagua ndengu, mimi na Susu, ungo katikati yetu. Akanipa simu.

"Habari ya mchana. Naongea na Bwana Kiema Muindi?"

Nikasema, "Ndiye."

Na sikudanganya. Toa kitambulisho changu usome.

Msichana akaanza kusoma masharti haraka kama mtu anayekimbia mvua. Ovadrafti yako inafika mwisho wa mwaka wake. Riba ni asilimia mbili kwa mwezi, inahesabiwa kila siku. Ada ya akaunti ni mia nne kila mwezi. Ukipita kiwango cha elfu sitini, faini ni elfu moja. Kuongezewa mwaka mwingine ni elfu moja mia nane, bima ya maisha ya mwenye akaunti ikiwemo. Kisha akavuta pumzi.

"Je, Bwana Kiema, ungependa kuendelea?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, dada, mwenyewe tulimzika. Lakini mimi nina ugonjwa. Nikiona mlango wa mzaha uko wazi, siwezi kupita bila kuingia. Nikashusha sauti mpaka tumboni. Nikakohoa kile kikohozi cha umau cha vumbi la simiti, viwili vifupi na kimoja kirefu. Nikasema vile alivyosema kila mtu alipomwambia apumzike.

"Endelea, mwanangu. Endelea tu, mimi sijachoka."

Msichana akashukuru, akakata. Susu alikuwa ameangusha ungo. Ndengu zilitawanyika mpaka kwa kuku. Alicheka mpaka akajishika mbavu, akacheka mpaka machozi, halafu kicheko kikaisha na machozi yakabaki. Akaniambia polepole, "Rudia."

Nikarudia. Ndio mwanzo wa ujinga wangu. Kila baada ya siku mbili tatu Susu alikuwa anasema, "Hebu nipatie huyo mzee kidogo." Mimi nashusha sauti, "Mumbua, chai iko wapi?" Mwanzoni alikuwa anacheka. Baadaye akawa anajibu. Alimweleza mbuzi gani amezaa, nani ameolewa, pasta amehubiri nini. Siku moja nilichoka, nikarudi kwa sauti yangu, nikainuka kwenda zangu. Nikiwa mlangoni nikasikia anaendelea na habari zake, ameelekeza uso kwenye kigoda cha umau, kile cha miguu mitatu kando ya ukuta, koti lake likiwa limening'inia juu yake.

Wiki hiyohiyo nilikuwa kwenye kibanda changu pale sokoni Kabati, natengeneza skrini ya simu ya mteja. Nikakohoa. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Sikuwa nimepanga. Mteja hakuona chochote, lakini mimi niliweka bisibisi chini.

Nikaacha. Susu aliponiomba tena, nikamwambia, "Mzee amesafiri." Hakuniomba tena. Nilidhani yameisha.

Lakini mara mojamoja nilikuwa narudi nyumbani saa saba mchana, jua limesimama katikati ya kichwa, hata kivuli changu kimejificha, nikasikia kikohozi kile ndani ya jikoni. Viwili, kimoja. Nachungulia mlangoni. Ndani namkuta Susu peke yake, ameinamia moto.

"Ni moshi," anasema kabla sijauliza.

Basi nakaa nakula. Wewe ungefanya nini? Chakula kilikuwa tayari.

*

Macho ya Susu yalianza kufunga pazia mwaka jana. Mtoto wa jicho, yote mawili. Alianza kutotambua kuku, akafuata kutotambua watu. Mimi alinitambua kwa harufu ya solda, ile risasi ninayoyeyusha kuunga simu. Mwezi wa Mei mwaka huu ikatangazwa kanisani kwamba madaktari wa macho watakuja Kitui mwezi wa Julai, na macho mawili ni elfu arobaini. Nilianza kupiga hesabu ya mbuzi. Susu akanizuia.

"Mbuzi wa nini? Pesa iko. Nimekuwekea kwa akaunti yako."

"Akaunti yangu gani, Susu? Mimi pesa yangu inakaa kwa simu, na haikai."

"Akaunti ya Kiema. Kila mwezi nampa Farouk elfu moja mia tano, ya ndengu na ya mayai. Tangu mwezi ule baada ya mazishi. Sikuruka hata mmoja. Nenda ukanitolee."

Miezi thelathini na mitano. Nilipiga hesabu kichwani nikafika elfu hamsini na mbili na mia tano, na nikamheshimu bibi huyu upya. Nilikwenda kwa Farouk nikipiga mluzi.

Farouk ana duka la vyombo pale Kabati, na pembeni ana kidirisha cha wakala wa benki. Babu yake alitoka Lamu na bidhaa kwa punda, yeye hajatoka Kabati hata kwa harusi.

"Namba ya akaunti ya nyanya yako naijua kuliko ya mke wangu," alisema, huku akibonyeza. Akabonyeza tena. "Kiema."

"Sema."

"Hapa kuna kastari."

"Ka-nini?"

"Kamstari kadogo mbele ya namba. Hasi. Hasi elfu sitini na moja, mia tisa na arobaini."

"Hiyo ni ya mtu mwingine."

"Jina ni Kiema Muindi. Ni wewe ama si wewe?"

Nikatoa kitambulisho changu nikakisoma mwenyewe. Maishani mwangu hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Farouk alinichapishia karatasi ya miezi mitatu, nikaisoma nimekaa juu ya sufuria zake. Kila tarehe tano, elfu moja mia tano inaingia. Kila mwisho wa mwezi riba inatoka, ada inatoka, na elfu moja mia tano ya Susu inaisha kama maji kwenye mchanga wa mto. Shimo liko palepale. Hapana, limezidi kidogo, kwa sababu kila Agosti kuna ile elfu moja mia nane. Na mwezi wa Mei lilipopita elfu sitini, wakaongeza faini. Miaka mitatu bibi anauza mayai, sasa hata haoni, kumlipia riba marehemu, na mimi ndiye niliyesema, endelea tu, sijachoka.

*

Kule benki Kitui nilipelekwa kwa dada mmoja anayeitwa Bushra, mtu wa mjini hapohapo, buibui nyeusi, miwani, uso wa mwalimu wa hesabu. Nilimweleza kila kitu isipokuwa ile sauti. Alisikiliza, akafungua kompyuta, akasoma muda mrefu.

"Kwa nini mlikaa bila kutuambia amefariki?"

"Tulidhani ukisema mtu amekufa, mnakuja kuchukua mbuzi."

"Sikiliza, Kiema. Babu yako alikuwa anakatiwa bima. Kila mwaka, ndani ya ile ada. Mwenye akaunti akifariki, bima inalipa ovadrafti yote, siku ile ile inafungwa. Riba haiendelei. Mngeleta cheti wiki ile, deni lingekwisha. Na kila shilingi nyanya yako ameweka baadaye ingekuwa yake."

Yaani tulimnyima mzee kufa, ndio maana akawa na deni.

"Bado inawezekana," akasema. "Lakini madai yanapokelewa ndani ya miaka mitatu. Alikufa lini?"

"Tarehe kumi na tisa, Juni."

"Leo ni tarehe tatu. Niletee cheti cha kifo, na mke wake mwenyewe aje. Na kuna jambo lingine." Alivua miwani. "Bima watauliza, kama alikufa Juni, nani alikubali kuongeza muda Agosti? Kwa sababu hapa imeandikwa alikubali kwa simu. Mara tatu. Na simu zetu zinarekodiwa."

Mara tatu. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Mimi nilipokea simu moja.

*

Cheti kilikuwepo. Baba alikichukua mwaka uleule, na Susu akakificha. Nilijua kimo ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda, lakini kulifungua bila ruhusa yake ni kutafuta laana kwa mikono miwili.

"Sitoi," alisema.

"Susu, ni macho yako."

"Afadhali nisione." Alikuwa ameketi chini, mikono mapajani, anaangalia mahali nilipokuwa dakika moja iliyopita. "Unajua wataandika nini? Wataandika Kiema Muindi amekufa. Wataandika, wapige na mhuri. Na wewe umekaa hapo mbele yao, unapumua. Mhuri utajuaje ni yupi?"

"Kuna namba ya kitambulisho, Susu."

"Kifo kinasoma namba?"

Ningecheka siku nyingine. Lakini aliposema hivyo nilihisi jina langu limekaa kifuani kama shati lililoloa. Kwake hakukuwa na Kiema wawili. Kulikuwa na mmoja aliyezikwa nusu, na nusu nyingine ilikuwa inakula chakula chake na kunuka solda. Ndio maana meseji za benki zilipolia kwenye ile simu, tii, tii, alifurahi. "Kiema ameandikiwa," alikuwa anasema, na akanikataza kuzisoma. Nilidhani ni heshima.

Nilijaribu mzaha, ukafa mdomoni. Basi nikamwambia ukweli tu.

"Susu, wanamhesabia. Kila siku. Hiyo riba haihesabiwi mwisho wa mwezi, inahesabiwa kila siku inayopita. Jana wamemhesabia. Leo tukiongea hapa wanamhesabia."

Akageuza kichwa. "Kila siku?"

"Kila siku."

"Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili. Hata Krismasi."

Kuku mmoja akaingia, akazunguka, akatoka. Susu hajawahi kuuza yai moja siku ya Jumapili, hata mwaka ule wa njaa.

"Basi hajalala," alisema mwishowe. "Miaka yote hii hajalala." Akapapasa chini ya kitanda, akavuta kopo.

*

Tulifika benki tarehe kumi na mbili. Susu alivaa kitambaa chake cha kanisa cha kijani, nikamshika mkono mpaka kwa meza ya Bushra. Bushra akamwamkia kwa heshima, akapokea cheti, akanakili. Kisha akafunga mlango wa kile chumba chake cha vioo.

"Susu, nitawasikilizisha kitu. Lazima niandike ni nani aliyeongea."

Akabonyeza. Simu ya kwanza. Nikajisikia mwenyewe, kijana wa miaka ishirini anayejifanya mzee, kikohozi kimezidishwa chumvi. "Endelea, mwanangu. Endelea tu, mimi sijachoka." Aibu ilinipanda mpaka kwenye nywele.

"Huyo ni mimi," nilisema.

Bushra akaandika. Akabonyeza ya pili, ya Agosti 2023. Msichana mwingine wa benki, masharti yaleyale, mbio zilezile. Je, Bwana Kiema, ungependa kuendelea?

Kisha kikohozi. Kifupi. Kifupi. Kirefu.

"Endelea, mwanangu. Endelea tu. Mimi sijachoka."

Huyo hakuwa mimi. Agosti 2023 nilikuwa nimeshaacha mchezo huo karibu mwaka mzima. Na haikuwa kama yangu, ilikuwa bora. Ilikuwa na vumbi. Ilikuwa na ule uvivu wa umau kwenye neno la mwisho, kama mtu anayekalia jiwe. Nilitazama mlango wa vioo, watu wamepanga foleni huko nje na mifuko yao, mchana mweupe, na babu yangu anaongea mezani.

Msichana kwenye rekodi akashukuru. Lakini aliyekuwa upande wa pili hakujua kukata simu. Kulisikika jogoo. Kulisikika mtu anasafisha koo, mara moja, mara mbili, sauti ikipanda, ikipanda, mpaka ikawa ya mwanamke.

"Umesikia, Kiema? Nimewaambia uendelee."

Ikakatika.

Mkono wa Susu ulikuwa juu ya goti langu. Ulikuwa unanifinya kama anayeshikilia ndoo isimwagike. Uso wake ulikuwa umeelekea ukutani, na midomo imefungwa kabisa. Nikaukumbuka ule moshi wa jikoni.

Bushra alinitazama mimi. Akamtazama Susu. Akanitazama mimi tena.

"Hii ya pili ni nani?"

"Ni mimi," nikasema.

"Na mwisho wake?"

"Ni mimi pia. Mimi ni mchekeshaji. Naiga watu wengi."

"Na ya tatu, mwaka jana?"

"Mimi."

Aliweka kalamu chini. "Kiema, nikiandika hivyo, wewe ndiye uliyejibu simu tatu za akaunti ya marehemu. Unaelewa? Mkubwa wangu atataka kujua kama sauti hiyo inaweza kutoka kwako."

"Inaweza."

"Basi itoe. Nitauliza kama wanavyouliza kwenye simu, niandike kwamba nimesikia."

Sikuwa nimeitoa kwa karibu miaka mitatu. Niliogopa haitakuja. Kisha, kusema kweli, niliogopa itakuja. Nikafumba macho. Nikawaza simiti, nikawaza kikombe cha maji kilichojaa kwenye kivuli cha tangi. Kikohozi kikaja chenyewe. Viwili vifupi. Kimoja kirefu.

Susu akageuka. Aligeuka mwili mzima, kama mtu aliyeitwa kutoka nje.

"Je, Bwana Kiema," Bushra akauliza, na sauti yake haikuwa ya mwalimu tena, "ungependa kuendelea?"

Jibu nililijua. Lilikuwa kwenye rekodi, nilitakiwa kulirudia tu neno kwa neno ili vilingane. Nikafungua macho. Midomo ya Susu ilikuwa tayari inatembea bila sauti, endelea, mwanangu, endelea tu. Macho yake meupe yalikuwa yamenikazia, na yalikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu.

"Hapana, mwanangu," ile sauti ikasema. "Imetosha. Sasa nimechoka."

Midomo ya Susu ikasimama.

"Umechoka?" akauliza.

"Nimechoka, Mumbua. Wacha nilale."

Mashine ya kuhesabu noti ilikuwa inalia huko nje. Ikanyamaza. Susu alivuta pumzi, akaishusha, akarekebisha kitambaa kichwani kama anavyofanya akimaliza kugombana na mtu.

"Si ungesema mapema," alisema. "Mimi ningejuaje?"

Akanyoosha kidole gumba kwa Bushra, apakwe wino.

Bushra alivaa miwani, akaivua, akaipangusa, akaivaa. Akaandika muda mrefu. Baadaye alinisomea. Ameandika kwamba mjukuu anaitwa jina moja na marehemu, aliulizwa kwenye simu kama yeye ni Kiema Muindi akajibu ndiye, na benki haikumwomba namba ya kitambulisho hata mara moja. "Kosa la kwanza ni letu," alisema. Kuhusu sauti ya mwanamke mwisho wa ile rekodi hakuandika kitu. Kisha akanisogezea fomu ya taarifa ya kifo. Jina la marehemu: Kiema Muindi. Jina la anayetoa taarifa. Nikachukua ile kalamu ya kamba. Mkono ulikataa kidogo kwenye herufi ya kwanza, halafu ukakubali.

*

Bima ililipa. Riba na ada za baada ya mazishi zikafutwa, ila elfu moja mia nane ya mwaka ule wa kwanza walikataa kurudisha, wakasema hiyo iliitishwa na mtu mzima mwenye akili. Sikubishana, ingawa hakuna aliyewahi kunisema vizuri hivyo. Elfu hamsini na mbili na mia tano aliyoiweka Susu kwenye kidirisha cha Farouk, ikitolewa hiyo, ikawa elfu hamsini na mia saba, na pesa hiyo ikarudi mkononi mwa Susu, noti kwa noti, nami nikaipeleka hospitali kabla haijapata jina lingine.

Siku ya kufungua bandeji muuguzi alimwomba aangalie dirisha, aangalie vidole vyake, ahesabu. Alihesabu. Kisha akaniangalia mimi. Aliniangalia kutoka viatu mpaka kichwa, akarudi mpaka viatu.

"Aiya!" alisema. "Hufanani naye hata kidogo."

"Susu!"

"Pua ni ya watu wa mama yako. Miaka yote hii napikia mtoto wa watu."

Muuguzi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi pia nilicheka. Lakini tangu siku hiyo ananiita Kiema tu, si mume wangu, na sikujua kwamba neno hilo lingeniachia nafasi kubwa hivyo.

Nyumbani alizunguka akitazama kila kitu, akilalamika kuhusu vumbi. Alipofika ukutani akasimama mbele ya kile kigoda na lile koti.

"Hiki kiti kiko tupu tangu lini?"

"Tangu mwaka ule, Susu."

Akalitoa koti msumarini, akalikung'uta, vumbi la kijivu likatoka kama moshi. Akalikunja, akaliweka kwenye kopo la biskuti, halikuenea, akaacha kifuniko wazi. Kisha akabeba kigoda mpaka nje, akakikalia mwenyewe, akavuta ungo wa ndengu. Nikaketi chini mkabala naye. Alichagua haraka, akitupa vijiwe nyuma ya bega, vijiwe vingi.

"Kumbe mmekuwa mnanilisha changarawe."

"Ni za kuongeza nguvu."

"Nyamaza, uchague."

Nikachagua. Upepo ulikuja kutoka upande wa kaburi, ukapeperusha vumbi la ndengu likanipata puani, na nikakohoa. Mara moja, kifupi. Mara ya pili, kifupi.

Mkono wa Susu ulibaki hewani na kijiwe ndani yake. Hakuniangalia. Nami sikuthubutu kumwangalia. Tukakaa hivyo wote wawili, tumeshika pumzi, tunangoja kile kirefu.